Mnyama Akiugua, Nani Atalipa? Mwongozo wa Bima na Gharama za Tiba kwa Wafugaji wa Mjini

Katika kata za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni hadi Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, kaya nyingi huishi na wanyama. Wapo wanaofuga mbwa wa kulinda uzio, wapo wenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa wanaolishwa bandani, na wapo wanaolipa ada za shule kwa fedha ya mayai. Mnyama wa namna hiyo ni mali na ni msaidizi wa kazi, na kwa watoto wa nyumba ni rafiki. Hata hivyo, siku anapougua ghafla, familia hukabiliwa na swali ambalo halikuulizwa siku aliponunuliwa: nani atalipa?

Wengi hujibu kwa haraka kwamba bima italipa. Makala hii imeandaliwa ili kumwezesha mwananchi kufahamu bima ya wanyama inalipa nini, hailipi nini, na namna ya kuichagua bila kujibebesha mzigo asiouweza. Aidha, inaeleza njia nyingine za kukabili gharama za tiba pale ambapo bima haipatikani au haina tija.

Jambo moja msomaji alikumbuke hata akisahau mengine: bima ya mifugo iliyozoeleka nchini hulipa mnyama anapokufa, kwa kawaida hailipi anapotibiwa. Mfugaji anayekata bima akitarajia kurejeshewa fedha za daktari na dawa anaweza kugundua kosa lake wakati ambapo hawezi tena kulirekebisha.

HALI YA SOKO LILIVYO

Katika baadhi ya nchi, bima ya mbwa na paka ni jambo la kawaida. Nchini Sweden, mbwa wa kwanza alikatiwa bima mwaka 1924, na leo wenye mbwa wengi wa nchi hiyo wana bima inayochangia gharama za hospitali za wanyama. Tanzania imefuata njia nyingine. Hapa, bima ya wanyama imekua kama tawi la bima ya kilimo, na lengo lake kuu ni kulinda mtaji wa mfugaji. Mwaka 2023 kampuni za bima nchini ziliunganisha nguvu na kuanzisha konsotia ya bima ya kilimo, TAIC, ili kubeba kwa pamoja majanga ambayo kampuni moja pekee ingesita kuyabeba.

Kwa sababu hiyo, mwenye ng'ombe wa maziwa wa Mbagala ana nafasi kubwa zaidi ya kupata bima kuliko mwenye mbwa wa Kunduchi. Bima ya mbwa au paka inayolipa matibabu si bidhaa utakayoikuta katika kila ofisi ya bima. Anayeihitaji aulize kampuni zaidi ya moja, au amtumie dalali wa bima aliyesajiliwa, ambaye kazi yake ni kumtafutia mteja kinga inayomfaa miongoni mwa kampuni mbalimbali. Akiambiwa ipo, aombe kuona masharti yake kwa maandishi kabla ya kutoa fedha.

Msomaji anaweza pia kusikia habari za bima ya mifugo inayolipa kwa kuangalia picha za setilaiti. Bima hiyo ilianza kutolewa mwaka 2010 katika eneo la Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Haimkagui mnyama mmoja mmoja. Hupima hali ya malisho ya eneo zima, na ukame ukivuka kiwango kilichowekwa, wafugaji wote waliojiunga hulipwa. Ni kinga nzuri kwa mfugaji wa kuhamahama, lakini haimsaidii mfugaji wa mjini, kwa kuwa ng'ombe wake hula majani ya kununua na pumba bandani. Hatari inayomkabili yeye ni ugonjwa, ajali na wizi. Atafute bima inayomhusu mnyama wake mwenyewe.

KINGA TATU ZISIZOFANANA

Neno "bima" hubeba kinga za aina tatu, na kila moja hujibu swali lake.

Ya kwanza ni kinga ya kifo. Hulipa thamani ya mnyama akifa kwa ugonjwa au kwa ajali, kama vile moto, radi au kugongwa na gari. Mara nyingi hujumuisha pia uchinjaji wa dharura, yaani pale daktari wa mifugo anapothibitisha kwamba mnyama hawezi kupona. Wizi unaweza kuwamo au usiwemo, kutegemea hati. Kinga hii humfaa yule ambaye kifo cha mnyama kingemrudisha nyuma miaka kadhaa.

Ya pili ni kinga ya tiba. Hurejesha sehemu ya gharama za daktari, dawa, vipimo na upasuaji, kwa kawaida hadi kikomo fulani kwa mwaka. Hii ndiyo wenye mbwa na paka huifikiria, na ndiyo adimu zaidi katika soko letu. Hata inapopatikana, mara nyingi haigusi chanjo, dawa za minyoo, dawa za kupe wala kuhasi, kwa sababu hayo ni matumizi yanayojulikana mapema. Bima hubeba lisilotarajiwa. Linalojulikana hupangiwa bajeti.

Ya tatu ni kinga ya dhima. Hulipa madai ya mtu mwingine aliyedhuriwa na mnyama wako: mbwa akimng'ata mpita njia, au ng'ombe akikata kamba na kuharibu bustani ya jirani. Mwenye mnyama anaweza kudaiwa fidia kwa madhara hayo, na bima ya kifo haitamsaidia. Kinga ya dhima wakati mwingine huambatanishwa katika bima ya nyumba. Mwenye bima ya nyumba na aulize kama mbwa wake amejumuishwa kabla ya kununua bima nyingine.

Kabla ya kwenda ofisi ya bima, amua ni lipi kati ya matatu haya linalokunyima usingizi. Mteja asiyejua anachokitafuta huuziwa kilichopo.

HESABU KABLA YA KULIPA

Bei nafuu ya bima haipimwi kwa ada pekee. Hupimwa kwa kulinganisha unacholipa na utakachopata siku ya hasara. Tuchukue mfano, viwango vilivyotumika hapa ni vya kukokotolea tu, wala si bei ya kampuni yoyote.

Mfugaji wa Chamazi ana ng'ombe wa maziwa mwenye thamani ya shilingi 2,500,000. Kampuni inatoza ada ya asilimia 5 ya thamani kwa mwaka, yaani shilingi 125,000. Hati inaeleza kuwa mfugaji atachangia asilimia 10 ya hasara. Ng'ombe akifa, mchango wa mfugaji ni shilingi 250,000 na kampuni italipa shilingi 2,250,000. Kwa fedha hiyo anaweza kuanza tena.

Sasa tuseme, ili kupunguza ada, mfugaji huyo anataja thamani ya shilingi 1,500,000. Ada inashuka hadi shilingi 75,000, na ameokoa shilingi 50,000. Ng'ombe akifa, kampuni itakokotoa fidia kwa thamani iliyotajwa: shilingi 1,500,000 ukitoa asilimia 10, sawa na shilingi 1,350,000. Nafuu ya shilingi 50,000 imegeuka pengo la shilingi 900,000. Kutaja thamani kubwa kupita kiasi nako hakuna faida, kwa kuwa bima hurejesha hasara halisi wala haitajirishi. Atakayetaja shilingi 4,000,000 atalipa ada ya ziada bure, kwani fidia haitazidi bei ya ng'ombe wake sokoni.

Katika mfano huohuo, ikiwa ng'ombe ataugua ndigana kali, akatibiwa kwa shilingi 180,000 na kupona, kinga ya kifo haitalipa hata senti moja. Fedha hiyo lazima itoke mahali pengine, na ndiyo sababu mfugaji mwenye bima anahitaji pia akiba.

Kwa mwenye mbwa hesabu huwa tofauti. Mbwa wa kulinda anaweza kununuliwa kwa bei ndogo kuliko gharama ya kumtibu mara moja, hivyo kinga ya kifo haina maana kubwa kwake. Kama hapati kinga ya tiba kwa masharti yanayoeleweka, akiba maalumu ya shilingi 10,000 kila mwezi humpa shilingi 120,000 kwa mwaka, na mbwa asipougua fedha hubaki kuwa yake. Udhaifu wa akiba ni muda: ugonjwa ukija mwezi wa pili, kisanduku kina shilingi 20,000 tu. Hapo ndipo bima, kwa anayeipata, hushinda akiba, maana kipindi cha kusubiri kikishapita huweza kulipa hadi kikomo cha hati hata kama ada imelipwa mara moja tu.

Kanuni ya jumla ni hii: hasara unayoweza kuibeba, iwekee akiba, hasara ambayo ingekuangusha, ikatie bima.

MASWALI YA KUULIZA OFISI YA BIMA

Usisaini fomu mpaka upate majibu ya maswali yafuatayo, na majibu hayo yaonekane kwenye hati ya bima, si katika maneno ya wakala pekee.

1. Je, kampuni na wakala wamesajiliwa? Biashara ya bima nchini husimamiwa kwa Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009, na hakuna anayeruhusiwa kuiendesha bila usajili wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Omba kuona leseni, na ukiwa na shaka thibitisha kwa Mamlaka.

2. Kinga ni ya kifo, ya tiba au ya dhima? Magonjwa gani yametengwa? Angalia hasa magonjwa ya mlipuko kama ugonjwa wa miguu na midomo, mapele ngozi, na homa ya nguruwe kwa wafugaji wa nguruwe.

3. Je, mnyama wangu anakubalika kwa umri wake? Kampuni huweka umri wa chini na wa juu, kwa kuwa ndama wachanga na wanyama wazee hufa kwa urahisi zaidi.

4. Kipindi cha kusubiri ni siku ngapi? Huu ni muda baada ya kulipa ada ambao mnyama akifa kwa ugonjwa, kampuni hailipi. Lengo lake ni kuzuia watu kukata bima baada ya mnyama kuugua.

5. Nitachangia kiasi gani cha hasara mimi mwenyewe? Ni asilimia, au ni kiasi kilichotajwa?

6. Nani analipa gharama za daktari wa kukagua mnyama kabla ya bima na baada ya kifo? Gharama hizi ndogo zinaweza kufuta unafuu wote wa ada.

7. Je, kiasi nilichotajiwa ni cha mwisho, kodi ikiwamo?

8. Hasara iripotiwe ndani ya saa au siku ngapi, kwa nani, na kwa njia gani?

9. Kama ng'ombe amenunuliwa kwa mkopo, fidia italipwa kwa nani? Mara nyingi mkopeshaji hutajwa kuwa wa kwanza kulipwa. Mkopaji afahamu mapema kwamba huenda akabaki bila deni lakini pia bila ng'ombe.

Ukishakubaliana na masharti, lipa ada kupitia akaunti au namba rasmi ya malipo ya kampuni, na udai stakabadhi. Bima haianzi kwa ahadi. Huanza ada inapolipwa. Fedha iliyowekwa mkononi mwa mtu bila stakabadhi ni vigumu kuithibitisha siku ya dai.

UKWELI NDIO MSINGI WA MKATABA

Mkataba wa bima hujengwa juu ya nia njema ya hali ya juu. Kampuni haikuwepo bandani siku ng'ombe alipotupa mimba, wala haikumwona mbwa alipogongwa na pikipiki mwaka jana. Hutegemea maelezo yako. Mteja akificha ugonjwa wa zamani au akipunguza umri wa mnyama, huipa kampuni sababu ya kukataa dai, hata kama amelipa ada kwa miaka mitatu bila kukosa.

Mnyama aliyekatiwa bima lazima atambulike. Kwa ng'ombe, hereni ya sikioni ndiyo kitambulisho. Ikidondoka, toa taarifa mara moja na uweke nyingine. Piga picha za mnyama ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na usoni, na uzihifadhi. Tunza pia daftari lenye tarehe za chanjo, za kuogesha au kunyunyizia dawa ya kupe, na za matibabu, pamoja na stakabadhi zake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye bima daftari hilo lina kazi ya ziada: masharti mengi humtaka mfugaji athibitishe kuwa alimtunza mnyama ipasavyo.

KUPUNGUZA GHARAMA ZENYEWE

Bima hugawana hasara; haizuii ugonjwa. Anayetaka nafuu ya kweli aanze na mambo yanayofanya mnyama asifike kwa daktari akiwa mahututi.

Chanjo ndiyo fedha ndogo inayookoa fedha nyingi. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na unaoua ng'ombe chotara wa maziwa kwa wingi, hutolewa mara moja katika maisha ya mnyama. Kwa kuku, chanjo ya mdondo inayostahimili joto hutolewa kwa tone la jicho na kurudiwa takriban kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ya aina hiyo imetengenezwa hapa nchini kwa jina la TEMEVAC, jina linalokumbusha Temeke yenye maabara ya veterinari. Watoto wa mbwa huanza chanjo ya parvo wakiwa na umri wa wiki sita hadi nane na kurudiwa mpaka takriban wiki ya 16. Ugonjwa huo wa kutapika na kuharisha damu hudai siku kadhaa za dripu na uangalizi, gharama inayozidi chanjo mara nyingi. Fuatilia pia kampeni za Serikali. Katika kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa Juni 2025 huko Bariadi, Serikali ilichangia nusu ya gharama ya chanjo za ng'ombe, mbuzi na kondoo. Afisa mifugo wa kata yako ndiye wa kumuuliza ratiba.

Pili, mtumie mtaalamu anayetambulika. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, ambalo husajili madaktari wa mifugo na kuwatambua wataalamu wasaidizi. Anayepita mitaani na sindano bila kutaka kupima joto la mnyama anaweza kuwa na bei ya chini leo na hasara kubwa wiki ijayo. Zaidi ya hayo, kampuni ya bima inaweza kukataa cheti cha kifo kilichotolewa na mtu asiyesajiliwa.

Tatu, zungumza kuhusu fedha kabla ya tiba. Si aibu kumwuliza daktari: "Daktari, matibabu haya yatagharimu kiasi gani, na nafasi ya kupona ni kubwa kiasi gani?" Omba makadirio yanayotenganisha ada ya kufika nyumbani, vipimo, dawa na ziara za kurudia. Uliza lipi lifanyike leo na lipi linaweza kusubiri. Kipimo cha damu kinachotambua aina ya ndigana mara nyingi ni nafuu kuliko kujaribu dawa tatu kwa kubahatisha. Kama unaweza kumfikisha mnyama mdogo kliniki, utaokoa ada ya safari. Kama majirani watatu wana ng'ombe wa kukaguliwa, mwiteni daktari siku moja na mgawane nauli.

Baada ya tiba kuna gharama iliyojificha. Ng'ombe aliyetibiwa kwa viuavijasumu hupewa muda ambao maziwa yake hayafai kuuzwa wala kunywewa. Siku hizo ziingize kwenye hesabu, na uziheshimu, kwani maziwa yenye mabaki ya dawa ni hatari kwa walaji.

Nne, tumieni nguvu ya kikundi. Wafugaji 20 wakichanga shilingi 5,000 kila mwezi hupata shilingi 1,200,000 kwa mwaka, na anayepatwa na ugonjwa hukopa na kurejesha kidogo kidogo. Mfuko huu hufanya kazi vizuri mnyama mmoja anapougua. Ugonjwa wa mlipuko ukiingia mtaani, wanachama wote huhitaji fedha siku moja na kisanduku hukauka. Kwa hasara ya namna hiyo, kikundi kitumie umoja wake kujadiliana na kampuni ya bima kuhusu bima ya pamoja, ambayo huweza kuwa na ada nafuu kuliko ya mtu mmoja mmoja. Angalizo: kikundi kikianza kuwauzia watu wa nje ahadi ya fidia kwa malipo ya ada, kitakuwa kinaingia katika biashara ya bima, nayo huhitaji usajili.

Mwisho, zipo nyakati ambapo tiba haina matumaini na gharama inaendelea kupanda. Kuamua kwa ushauri wa daktari kwamba mnyama apumzishwe bila mateso si ukatili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inalenga kumwepusha mnyama na mateso yasiyo ya lazima. Kwa aliyekatiwa bima, iarifu kampuni kabla ya hatua hiyo, isipokuwa pale daktari anapoandika kuwa haikuwezekana kusubiri.

GHARAMA YA MBWA ASIYECHANJWA

Kichaa cha mbwa kinastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa gharama yake humwangukia binadamu. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba ya kuaminika na karibu wote hufariki. Mbwa na paka wachanjwe kuanzia umri wa miezi mitatu na chanjo irudiwe kila mwaka, tunza cheti.

Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo akaanzishiwe chanjo. Familia nyingi hujikuta zikitafuta fedha za sindano kadhaa kwa mpangilio wa siku, nauli za kwenda na kurudi, na fidia kwa jirani, yote kwa sababu ya chanjo moja iliyorukwa. Mbwa aliyeuma asiuawe na kufukiwa kimyakimya. Afungwe salama na afisa mifugo ajulishwe, ili achunguzwe kwa siku 10.

MNYAMA ALIYEKATIWA BIMA AKIFA

Saa chache za mwanzo ndizo huamua hatima ya madai mengi. Fuata hatua hizi:

Kwanza, iarifu kampuni au wakala mara moja, kwa simu na kwa ujumbe wa maandishi unaobaki kuwa ushahidi.

Pili, usimfukie, usimchune wala usiuze nyama kabla mtaalamu hajafika. Mwite daktari wa mifugo aliyesajiliwa achunguze chanzo cha kifo na kutoa cheti. Usimpasue mzoga mwenyewe: ikiwa ni kimeta, kuufungua ni kuhatarisha maisha ya watu na kuchafua ardhi kwa miaka mingi.

Tatu, piga picha za mzoga zinazoonyesha hereni na mazingira ya tukio. Hereni ihifadhiwe kwa ajili ya kampuni.

Nne, kama ni wizi, toa taarifa kituo cha polisi na serikali ya mtaa siku hiyohiyo na upate namba ya taarifa.

Tano, jaza fomu ya dai, ambatanisha nakala ya hati ya bima, stakabadhi ya ada, cheti cha daktari na daftari la chanjo, na udai uthibitisho kwamba nyaraka zimepokelewa, wenye tarehe. Baki na nakala ya kila karatasi.

USIPORIDHIKA NA MAJIBU

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi na kifungu cha hati kilichotumika. Kisome kifungu hicho kwa utulivu. Wakati mwingine kampuni iko sahihi, na wakati mwingine kilichokosekana ni karatasi moja tu. Kama bado huridhiki, wasilisha malalamiko kwanza kwa uongozi wa kampuni. Ikishindikana, fika Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, au peleka shauri lako katika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo ipo kisheria kwa ajili ya mwananchi asiyetaka au asiyemudu kuanza na mahakama. Nenda na nyaraka zako zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe.

HITIMISHO

Kabla mwezi huu haujaisha, mfugaji anaweza kufanya mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi: kuandika thamani ya sasa ya kila mnyama wake, kukagua tarehe ya chanjo inayofuata, kufungua kisanduku au akaunti ya akiba ya tiba, na kupata maandishi ya masharti kutoka kampuni mbili za bima ili ayalinganishe. Akifanya hayo, siku mnyama atakapougua usiku atakuwa na namba ya daktari wa kumpigia, fedha ya kuanzia, na hati ambayo anajua imeandikwa nini ndani yake.